Inakula wati ngapi?

Mazungumzo yaliyosomwa redioni mwishoni mwa wiki



Majuma machache yaliyopita nilipigiwa simu kutoka ng'ambo ya Nyamisati, katika vijiji vile vya visiwani kwenye delta ya Rufiji, ambako mtu akitaka kupiga simu hutafuta kwanza mahali pa kusimama. Alikuwa mjomba wangu. Baada ya salamu ndefu, kama ilivyo ada yetu, akasema: "Mpwa, fedha ya ufuta imetoka. Nataka televisheni. Si ya chogo tena. Nataka hii bapa, inchi 43, ile ya kisasa kabisa. Wewe uko huko Dar es Salaam, hebu ingia Kariakoo uniangalizie."

Msikilizaji asije akadhani mzee huyu ameshikwa na tamaa ya ujana. Mjomba ana kibanda umiza. Mabenchi, kuta za makuti, pazia jeusi mlangoni, na mwisho wa chumba televisheni moja ambayo nusu ya kijiji huikodolea macho Simba na Yanga zinapocheza. Televisheni yake ya chogo, inchi 21, ilizimika bila kuaga. Mwenzake wa upande wa pili wa kijiji amekwishaleta bapa. Kwa mjomba, televisheni ni jembe.

Kabla simu haijakatika, mkewe aliichukua akanieleza upande wa pili wa shauri hilo. Fedha hiyo hiyo ya ufuta ndiyo inayongojewa na mashine ya boti iliyokwisha nguvu, na ndiyo inayongojewa na ada ya mtoto anayekaa bweni Kibiti. "Mpwa," alisema, "mwangalie mjomba wako, asije akanunua jina."

Basi nikaenda Kariakoo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nadhani hawakuwahi kusimama mbele ya ukuta wa televisheni arobaini zilizowashwa kwa pamoja. Pale kila kitu chajiuza na kila kitu chajitembeza. Picha ni ile ile katika zote: kasuku wa rangi saba, tone la asali, mji wa Ulaya usiku. Hiyo ni kanda iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya dukani, na mwanga umepandishwa hadi mwisho. Hakuna mtu atakayetazama kasuku huyo nyumbani kwake. Atatazama taarifa ya habari, atatazama tamthilia, atatazama mpira uliopigwa picha chini ya taa hafifu.

Kijana wa dukani alinipokea vizuri. "Karibu, mzee. Hii hapa inchi 43, 4K, smart, HDR, haina fremu." Aliyataja maneno hayo kwa mfululizo kama mtu anayesoma majina ya watoto wake. Nami nikamwuliza: "Inakula wati ngapi?"

Akacheka. "Mzee, hii ni LED. Haili umeme."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba mazungumzo ya wiki hii yamekwishapatikana.

Swali lile sikulitoa kichwani mwangu. Nililisikia Kibiti nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Televisheni Tanzania Bara zilianza mwaka 1994, miaka zaidi ya ishirini baada ya Zanzibar, ambao walikuwa na televisheni yao, tena ya rangi, tangu mwaka 1973. Muda si mrefu baada ya hapo, jirani yetu alileta kijitelevisheni cha inchi 14, nyeusi na nyeupe, kilichotumia betri ya gari. Antena ilifungwa juu ya mlingoti mrefu wa mwanzi, na chenga katika picha zilikuwa nyingi kuliko watu. Wazee walikuja kukitazama. Hakuna aliyeuliza kina nukta ngapi. Waliuliza: kinamaliza betri kwa siku ngapi? Kwa sababu betri hiyo ilikuwa ibebwe kwa baiskeli kwenda kuchajiwa, na kuchaji ni fedha.

Tukarudi kwa kijana wa Kariakoo. Nilimwomba aigeuze ile televisheni. Nyuma ya kila televisheni kuna lebo ndogo ambayo wauzaji wengi hawaisomi na wanunuzi wengi hawajui kama ipo. Hapo pameandikwa volti na wati. Ile ya inchi 43 iliandikwa wati 110. Kijana aliitazama lebo hiyo kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

LED, ndugu msikilizaji, si aina ya kioo. Kioo cha televisheni hizi za kawaida ni LCD, na LED ni taa zilizopangwa nyuma yake ili picha ionekane. Zinakula kidogo kuliko taa za aina ya zamani, hilo ni kweli. Lakini kadiri kioo kinavyokuwa kipana na nukta zake zinavyokuwa nyingi, ndivyo taa hizo zinavyotakiwa kuwaka kwa nguvu zaidi. Taa zinakula, ndugu zangu. Hakuna taa isiyokula.

Sasa tupige hesabu ya mjomba. Yeye hana umeme wa gridi. Ana paneli ya sola ya wati 150 na betri moja ya volti 12, saa-ampea 100. Ukizidisha 12 kwa 100 unapata wati-saa 1,200. Lakini betri hizi za asidi ukizikausha mpaka mwisho zinakufa mapema, kwa hiyo fundi mwenye huruma atakuambia utumie nusu tu. Mjomba basi ana wati-saa 600 kila usiku, ikiwa jua limewaka sawasawa.

Televisheni ile ya wati 110, ukiongeza kisimbuzi cha wati 15 na sabufa ya wati 30, kwa maana kibanda bila sabufa hakina wateja, jumla ni wati 155. Siku ya mechi mbili mfululizo ni saa tano. 155 mara tano ni 775, na inveta nayo inakata sehemu yake, tuseme moja ya kumi. Tunapita 850. Mjomba ana 600. Maana yake ni kwamba mechi ya pili ikifika kipindi cha pili, ama anaiua betri, ama televisheni inazimika yenyewe, na watu waliolipa wanaanza kudai fedha zao.

Ili kuitumia televisheni hiyo ingembidi anunue betri ya pili, na paneli moja yenyewe isingetosha kuzijaza betri mbili. Kwa hiyo televisheni ile ilikuwa na bei mbili. Moja ilibandikwa mbele, kwenye karatasi ya njano. Nyingine ilikuwa imejificha nyuma, kwenye lebo ya wati. Na hiyo ya pili ndiyo ingekula ada ya mtoto.

Nafungua mabano hapa kidogo. Mto Rufiji ndio unaoendesha Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza uliingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024. Maji yale yale, yakishazungusha mitambo, yanateremka mpaka kwenye mikoko anakoishi mjomba, naye anakaa kando yake akihesabu wati-saa 600. Silaumu mtu, kwani kupeleka nguzo na nyaya visiwani, kupita tope na mikoko, si kazi ya mchana mmoja. Nasema tu kwamba jambo hilo linachekesha na haliishi kuchekesha. Nafunga mabano.

Na wewe msikilizaji wa mjini, mwenye LUKU? Kwako wati hazina ukali huo, lakini zipo. Televisheni ya wati 110 ikiwashwa saa tano kila siku inakula uniti 16 na nusu kwa mwezi. Ile ya wati 45, ambayo ndiyo kawaida ya inchi 32, inakula chini ya saba. Katika bei zilizoanza mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo alilipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka 75 kwa mwezi, kabla ya kodi, na kilichozidi hapo shilingi 350 kwa uniti. Kama nyumba yako inagota karibu na 75, hizo uniti tisa au kumi za ziada ndizo zitakazokuvusha mstari. Kama umekwishauvuka zamani kwa friji na pasi, basi televisheni si mchawi wako.

Tuje kwenye 4K. Neno hili linauza kuliko maneno mengine yote, nami nina sababu yangu binafsi ya kulichukia, nitaisema. Televisheni iliyoandikwa HD ina nukta zipatazo milioni moja. Full HD ni milioni mbili. 4K ni milioni nane na ushei. Ukisikia hivyo, nani atakayetaka milioni moja? Lakini jicho la binadamu, hata likiwa zima, likiwa mita tatu kutoka kwenye kioo haliwezi kutenganisha nukta zilizokaribiana chini ya milimita moja hivi. Televisheni ya inchi 43 yenye Full HD, nukta zake zimeachana nusu milimita tu. Tayari jicho limeshindwa. Hizo milioni sita za ziada zinacheza gizani. Benchi la nyuma katika kibanda cha mjomba liko mita tano kutoka kwenye kioo, tena baadhi ya wanaolikalia wana mtoto wa jicho. Na juu ya hayo, vituo vyetu vingi vinarusha picha ya kawaida au ya HD, siyo 4K. Kioo hakiwezi kuonyesha kisichotumwa.

Sababu yangu binafsi ni hii. Miaka michache iliyopita nilinunua televisheni ya inchi 50 katika duka moja ambalo sitalitaja. Mbele palikuwa na kibandiko kikubwa: 4K. Nilijisifu nayo kwa majirani kwa mwaka mzima. Siku taa za nyuma zilipokufa nikaipeleka kwa fundi, naye akafungua mgongo, akasoma maandishi ya kioo chenyewe, akanitazama kwa huruma. Kilikuwa kioo cha Full HD. Kibandiko hakikusema uongo moja kwa moja, kwa maana kwa herufi ndogo kilisema televisheni hiyo inaweza kupokea 4K. Kuipokea, ndiyo. Kuionyesha, la. Nikarudi dukani na kadi ya dhamana. Ilikuwa imejazwa kwa kalamu, haina muhuri, wala jina la bidhaa halikuandikwa. Risiti nayo ilisema "vifaa". Mwandishi wa habari mzima, mwenye stashahada, na kazi yake ni kuuliza maswali! Tangu siku hiyo sitoki dukani bila risiti ya mashine yenye jina la bidhaa na namba ya modeli. Aliyenunua "vifaa" hawezi kulalamikia televisheni mahali popote.

Smart, kwa upande wake, maana yake ni kwamba ndani ya televisheni kuna kompyuta ndogo inayoweza kuingia kwenye intaneti. Ni kitu kizuri kwa aliye na intaneti ya kulipia kwa mwezi bila kipimo. Kwa anayenunua bando kwenye simu, Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa. Filamu moja ya Kihindi, na wewe unazijua urefu wake, itakumalizia bando la wiki. Tena kompyuta hizo za bei nafuu huzeeka upesi kuliko kioo. Baada ya miaka michache programu zinakataa kufunguka, na unabaki na televisheni ya kawaida uliyoilipia bei ya smart. Mwenye shida ya kweli na mambo hayo anaweza kununua kisanduku kidogo baadaye, akakichomeka, na kikizeeka akakitupa chenyewe.

Nilipompigia mjomba kumweleza yote haya, nikamshauri achukue inchi 32 ya kawaida, wati 45, abaki na fedha zake. Nilikuwa nimejiandaa kupongezwa.

"Mpwa," akasema, "wewe unanihesabia betri, vizuri. Nani ananihesabia wateja?"

Nikanyamaza. Akaendelea: mwenzake ana inchi 40. Yeye akileta 32, watu watapita mbele ya mlango wake kwenda kwa mwenzake, hata kama picha ni safi kama maji ya mtungi. Aliyekaa benchi la nyuma haoni nukta, anaona ukubwa. Na kweli, kioo cha inchi 40 kina eneo zaidi ya mara moja na nusu ya kile cha 32, ingawa tofauti ya namba inaonekana ndogo, kwa kuwa inchi hizi hupimwa kutoka pembe moja hadi pembe ya pili kwa mshazari. Wahenga wanasema mchagua jembe si mkulima. Siku hiyo mkulima alikuwa ndiye anayechagua, na mimi niliyejifanya mjuzi nilikuwa mpita njia tu shambani kwake.

Tukakubaliana hivi: ukubwa tuununue, kwa sababu ukubwa unaingiza fedha. 4K na smart tuziache, kwa sababu kibandani hazimwingizii hata senti. Nikarudi Kariakoo kutafuta inchi 40, Full HD, isiyo smart. Si rahisi kuipata, kwani madukani siku hizi za kawaida zinawekwa chini kabisa, karibu na sakafu. Nikaipata, lebo yake wati 60. Hesabu: 60 na 15 na 30 ni 105. Mara saa tano ni 525, na sehemu ya inveta, tunafika kama 580. Betri ya mjomba inapita, kwa kujibana. Fundi alinidokeza jambo jingine ambalo halina gharama: mwanga wa kioo ukipunguzwa kwa rimoti, wati zinashuka. Kibandani ni giza hata mchana, hakuna haja ya mwanga wa kasuku.

Kuna pia televisheni za volti 12 zinazokwenda moja kwa moja kwenye betri bila inveta, na zinauzwa pamoja na sola kwa malipo ya kila siku au kila wiki. Nyingi ni ndogo, zinafaa nyumbani. Anayezitaka azidishe tu malipo ya siku kwa idadi ya siku zote, ndipo ajue amenunua kwa shilingi ngapi.

Jambo ambalo karibu limponyoke mjomba ni mawimbi. Kijana wa dukani alisema televisheni ina king'amuzi ndani, kwa hiyo huhitaji kingine. Maneno kama hayo yaliwaponza watu wengi matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, walipoamka na televisheni nzima zenye chenga tupu. King'amuzi cha ndani kinapokea chaneli za bure, tena pale tu mawimbi ya mnara yanapofika, au palipo na ungo na televisheni yenye kipokezi cha setilaiti. Ligi Kuu ni habari nyingine. Haki zake za kuonyeshwa ziko kwa Azam, kwa mkataba wa miaka kumi uliotiwa saini mwaka 2021 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa hiyo anayetaka Simba na Yanga atahitaji kisimbuzi chao na malipo yao, hata kama televisheni yake ina ving'amuzi vitano tumboni. Mjomba tayari ana ungo na kisimbuzi, kwa hiyo kwake king'amuzi cha ndani ni pambo tu, na hatukukilipia zaidi.

Kabla ya kulipa niliiwasha kwa fleshi yangu mwenyewe, nikaweka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, nikatafuta madoa. Mimi ni mtu niliyekwishaumwa na nyoka.

Safari ilianzia Mbagala Rangi Tatu. Kioo hiki husafiri wima, kama kilivyosimama dukani. Kukilaza ni kukitafutia ufa, na kioo kikipasuka fundi atakuambia bei ambayo ni afadhali ununue televisheni nyingine. Nilimlipia boksi kiti chake kwenye basi, abiria wakanicheka mpaka Bungu. Pale nikachepuka kushoto kwenda Nyamisati, boksi katikati yangu na dereva wa bodaboda, kisha tukangoja maji yajae ndipo boti iondoke. Tuliifunika kwa turubai, mimi nimeikumbatia, huku mikoko ikipita kulia na kushoto.

Hivi sasa imetundikwa juu kwenye nguzo ya kibanda. Mjomba anasema picha ni nzuri, ila wapo wanaosema ya mwenzake ina rangi zaidi. Ana wasiwasi na masika, jua litakapoadimika, na sina jibu la kumpa isipokuwa mechi moja badala ya mbili. Mashine ya boti imekwenda kwa fundi Kibiti. Ada ya mtoto imelipwa nusu.

Boksi hawakulitupa. Mkewe amelifungia darini, na maboya yake yote ndani. Anakumbuka Aprili 2024, mafuriko yalipoingia katika vijiji vya Rufiji na Kibiti na kila mtu akawa anatazama nini kibebwe kwanza. Ile ya chogo ilihitaji wanaume wawili. Hii mpya ameinyanyua yeye mwenyewe, akaipima kwa mkono, akasema inafika kilo sita, anaweza kuitia kichwani.